Ngoma na Matanga: Uhakiki wa Filamu ya Vita Baridi

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Walimu wengi tumezoea kuifundisha methali hii kwa maana ya zawadi: mchezaji hupewa tunzo na jamaa zake kwa kuwa wanamjua. Lakini kutunza kuna maana ya pili, nayo ni kulinda na kulea. Je, mcheza kwao akifiwa, ngoma yake humtunza? Kwa swali hilo tuipime filamu ya Kipolandi iitwayo Zimna wojna, yaani Vita Baridi, ya mwaka 2018. Paweł Pawlikowski, aliyeiongoza, alipewa kwa kazi hiyo tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes.

Kisa kinaanza mwaka 1949. Mwanamuziki Wiktor na mwenzake Irena wanazunguka vijijini wakinasa nyimbo za wakulima, kisha wanawakusanya vijana katika jumba moja la kale ili wafunzwe kuimba na kucheza. Miongoni mwao yumo Zula, binti anayependana na Wiktor. Kikundi chao, Mazurek, kinapopata sifa, wakubwa wanataka kimwimbie Stalin pia. Irena anaondoka, Wiktor anatorokea Paris, na mapenzi yanageuka kuwa mateso.

Kwa upande wa fani, filamu hii imefaulu. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na maneno ni machache. Wimbo mmoja wa mapenzi unasikika kwanza kwa msichana wa kijijini, kisha kwa kwaya nzima, kisha kwa mtindo wa jazi huko Paris. Wimbo ni ule ule, lakini kila unaporudi, anayeuimba amepungukiwa na kitu.

Kwa upande wa maudhui, tuna neno. Dhamira ya msanii ni kwamba ngoma iliyotiwa mkononi na dola huwatenga wapendanao. Dhamira hiyo ina ukweli. Hata hivyo, karibu wachezaji wote waliosimama nyuma ya Zula ni nyuso tu. Wiktor anapotoweka, hatuambiwi ni nani aliyesikitika, wala ni nani aliyempa Zula mkono wa pole. Msanii anaweza kujitetea kwamba alikusudia kusimulia habari za wapenzi wawili, na kwamba filamu ameitabaruku kwa wazazi wake. Utetezi huo tunaupokea, lakini hauzibi pengo.

Pengo hilo linaonekana zaidi tukikitazama kikundi halisi kilichokuwa kielelezo cha Mazurek, yaani Mazowsze. Kiliundwa kwa amri ya serikali mwaka 1948. Waasisi wake walikuwa mtunzi wa muziki Tadeusz Sygietyński na Mira Zimińska, mwigizaji aliyevuma mjini Warsaw kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wao, wengi wakitoka vijijini, waliishi na kusoma pamoja huko Karolin, karibu na Warsaw. Walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1950. Mwezi Mei 1955, Sygietyński alifariki dunia, na Mira, mkewe na mwenziwe wa kazi, akabaki mjane.

Kwa desturi ya Poland, mfiwa huvaa nguo nyeusi na kujiepusha na ngoma na sherehe. Kwa aliyefiwa na mwenzi wa ndoa, muda huo ulizoeleka kufika mwaka au zaidi. Basi mjane ambaye nyumba yake ni kikundi cha ngoma akae matanga wapi? Mira alishika uongozi na hakuuacha hadi alipofariki mwaka 1997, baada ya zaidi ya miaka 40. Kikundi hakikuvunjika. Nyimbo alizozipanga marehemu ziliendelea kuimbwa, na ngoma na mavazi ya mikoa mingine yakaongezwa juu ya yale ya mwanzo. Machozi ya faragha hatuyajui wala hayatuhusu. Linalotuhusu ni lile lililoonekana mbele ya watu: kila kijana aliyeimba muziki wa marehemu alimpokea mjane sehemu ya mzigo wake.

Jambo hili si geni kwetu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba vyama vya beni havikuwa vya tarumbeta na mashindano tu: viliwasaidia wanachama wagonjwa na kuwazika waliokufa. Mcheza beni alijua kwamba wale anaopanga nao mstari leo ndio watakaombeba kesho.

Kwa hiyo, Vita Baridi ni kazi nzuri iliyoona nusu ya ngoma. Imeuona mkono wa dola unaowasukuma wachezaji jukwaani. Haikuuona mkono wa mchezaji unaomshika mwenziwe asianguke. Walimu wa madarasa ya juu watakaopata nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi filamu hii wasiwaulize habari za Wiktor na Zula peke yake. Wawaambie wautazame mstari wa nyuma, wamchague mchezaji mmoja asiye na jina, kisha waandike insha juu ya siku aliyofiwa na mama yake: nani alikwenda naye kuzika, na nani alisimama mahali pake katika ngoma hadi aliporudi.