Kidonge cha Mke, Miezi Tisa ya Kipa

Asubuhi ya Oktoba 30, 2020, kipa wa Ajax, André Onana, hakujisikia vizuri, akameza kidonge kilichokuwapo nyumbani. Siku hiyohiyo wapimaji wa UEFA wakachukua mkojo wake. Majibu yaliporudi yalikuwa na furosemide, dawa ambayo wagonjwa wengi wa moyo na presha huku kwetu wanaijua kwa jina la Lasix. Kwa maelezo ya Ajax, kidonge chenyewe kilikuwa Lasimac, dawa ambayo mke wake aliandikiwa na daktari, na Onana alikimeza kwa kukosea. UEFA yenyewe ilikubali kwamba hakuwa na nia ya kudanganya. Halafu, Februari 2021, ikamfungia miezi 12.

Mashabiki wengi walikwama hapo: kama hakukusudia, anafungiwa kwa lipi? Jibu linaanzia chooni, kwenye kikombe.

Mchezaji akishaarifiwa kuwa anapimwa, haachwi peke yake hata dakika moja. Anachagua mwenyewe kikombe kilichofungwa. Afisa wa jinsia yake anasimama naye, shati limepandishwa hadi kifuani na suruali imeshushwa hadi magotini, ili mkojo uonekane ukitoka mwilini na si kwenye mfuko uliofichwa. Zinahitajika mililita 90. Mchezaji mwenyewe anaugawa kwenye chupa A na chupa B, anazifunga kwa vifuniko visivyofunguka bila kuvunjwa, na anahakikisha namba zake zinalingana na za kwenye fomu. Afisa anapima pia kama mkojo ni mwepesi mno. Ukiwa kama maji, mchezaji anasubiri atoe mwingine. Maabara inapokea namba tu, haijui ni wa Onana au wa nani. Chupa A ikikutwa na tatizo, mchezaji ana haki ya kudai chupa B ifunguliwe.

Furosemide haimfanyi kipa aruke juu zaidi. Imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, kwa sababu inamkojosha mtu sana, na mkojo mwingi unazimua dawa nyingine anazoweza kuwa anazificha. Kwa hiyo imekatazwa wakati wote, siku ya mechi na siku ya mapumziko. Si kila kitu kiko hivyo. Kokeini, kwa mfano, kanuni inaikataza kwa kipindi cha mashindano tu. Onana alipimwa nje ya mashindano, na kwa dawa yake hilo halikumsaidia chochote.

Sasa sheria yenyewe. Kosa linakamilika dawa inapokutwa mkojoni, basi. Mwenye mashtaka hana haja ya kuthibitisha nia wala faida. Habari za mke, kidonge na maumivu zinaingia baadaye, kwenye mjadala wa urefu wa adhabu, na mjadala huo unategemea kundi la dawa. Furosemide iko kwenye kundi ambalo adhabu, pasipo kusudi, inaanzia miaka miwili, na anayeonyesha kwamba uzembe wake haukuwa mkubwa anaweza kushushwa hata akabaki na onyo tu. DHEA iliyomponza kiungo Paul Pogba ni homoni ya kundi zito, inayoanzia miaka minne. Alipewa yote minne Februari 2024, kabla ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kuipunguza hadi miezi 18 mwezi Oktoba.

Kesi ya Onana, basi, ilikuwa ya kubishania uzembe ulikuwa wa kiasi gani. Hakuwa wa kwanza: Kolo Touré wa Manchester City alifungiwa miezi sita mwaka 2011, naye kwa vidonge vya mkewe. (Makabati ya dawa ya wake wa wachezaji yameshatoa kazi ya kutosha kwa mawakili.) Utetezi wa Onana ulikuwa na udhaifu usiofichika. Mchezaji wa kiwango chake ana daktari wa klabu wa kumpigia simu, na jina la dawa limeandikwa kwenye pakiti. Ila kumfungia mwaka mzima mtu ambaye wewe mwenyewe umekiri hakuwa mdanganyifu ni kuuchukua msimu wote wa kazi yake, na ninaona CAS ilifanya vizuri kuishusha hadi miezi tisa, Juni 2021.

Miezi hiyo si ya kukosa mechi tu. Aliyefungiwa haruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu yake, isipokuwa mwishoni mwa adhabu, na kwa Onana hiyo ilikuwa miezi miwili ya mwisho. Ajax ikamrudisha langoni Maarten Stekelenburg, akiwa na miaka 38, na alidaka vizuri kiasi cha kuwa kipa wa Uholanzi kwenye Euro ya mwaka huo.

Miezi mitatu aliyopunguziwa Onana inaonekana kidogo kwenye karatasi. Hesabu zilianzia Februari 4, 2021, kwa hiyo Onana alikuwa huru mwanzoni mwa Novemba. Januari 9, 2022, Kamerun ilifungua AFCON nyumbani, uwanja wa Olembe, Yaoundé, ikaifunga Burkina Faso 2-1 huku yeye akiwa langoni. Kwa adhabu ya awali ya UEFA, siku hiyo angekuwa bado amebakiza karibu wiki nne.