Kabla ya kumwita mzee bahili, uliza amemnyima nani

JUMAMOSI moja mwezi uliopita, tulikutana jamaa tisa katika mkahawa mmoja mjini Nakuru kusherehekea mahafali ya binamu yangu. Tulikula, tukanywa, tukapiga picha. Bili ilipoletwa, mjomba wangu, mzee wa miaka 71, aliidaka kabla ya mtu mwingine kuigusa. Ilikuwa Sh8,640. Alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, akatoa noti zilizokunjwa ndani ya leso, akazihesabu mara mbili, akalipa zote peke yake. Kisha akaweka sarafu moja ya Sh20 kwenye kisahani na kuinuka.

Kabla hatujafika steji, picha ya sarafu ile ilikuwa imeshaingia kwenye kikundi cha jamaa cha WhatsApp. "Weita ameachiwa mbao!" akaandika binamu mmoja. Mwingine akasema mzee ana mkono gam. Wa tatu, aliyesoma Kiswahili hadi chuo kikuu, akamsahihisha kwamba nahau yenyewe ni "mkono wa birika", yaani mkono uliopinda usioweza kunyooka kumpa mtu kitu. Mjomba mwenyewe hayumo kikundini. Simu yake ni mulika mwizi.

Hatimaye nikaulizwa mimi: "Mwalimu, si utuambie, mtu kama huyu anaitwaje kwa Kiswahili sanifu?"

Nilijibu kwa majivuno ya mtu aliyeulizwa swali analolijua: "Bahili. Unaweza pia kusema mchoyo, mnyimivu au mwekevu." Watu wakacheka, nami nikaweka simu mfukoni nikijiona nimefanya kazi.

Usiku huo mke wa mjomba alinipigia. Kwa lugha ya vitabu angeitwa mkaza-mjomba. Sisi humwita Anti. "Mwalimu, nimeonyeshwa ulichoandika," alisema. "Nina swali moja tu. Huyu mzee amemnyima nani?" Nilikosa la kusema. Alingoja kidogo, akanitakia usiku mwema, akakata simu.

Nimelifikiria swali hilo kwa majuma matatu sasa. Anti hakukusudia kunifundisha sarufi, lakini swali lake ni la sarufi kabisa.

Kiswahili huunda vivumishi vya tabia kutokana na vitenzi kwa kuambisha -vu au -fu mwishoni. Sikia hutupa sikivu, tulia hutupa tulivu, angalia hutupa angalifu. Kwa njia hiyo hiyo, weka hutupa wekevu, na nyima hutupa nyimivu. Kwa umbo, mwekevu na mnyimivu ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao imo katika vitenzi vilivyowazaa.

Kuweka huhitaji kitu. Mtu huweka pesa, huweka mahindi ghalani, huweka akiba. Kunyima huhitaji mtu. Ukiniambia kwamba fulani "amenyima pesa", nitabaki nikikutazama nikingoja umalizie. Amemnyima nani? Ndiyo maana kitenzi hiki aghalabu huja kikiwa na kiambishi cha mtendewa ndani yake: amemnyima, amewanyima, umeninyima. Uwekevu ni jambo kati ya mtu na mali yake. Unyimivu ni jambo kati ya mtu na mtu. Anayedai kwamba mzee fulani ni mnyimivu sharti aweze kumtaja aliyenyimwa.

Kuna umbo la tatu ambalo nililisahau kabisa nilipokuwa nikijigamba kikundini: kujinyima. Hapa kiambishi -ji- humfanya mtendaji awe pia mtendewa. Na ukitaka kuujua mwenendo wa mjomba, hili ndilo neno lake. Huyu ni mtu ambaye hutembea hadi steji ya pili ili alipe nauli iliyopungua kwa Sh20. Dawa ya meno ikiisha, huikata tyubu kwa makasi ili apate ya siku tatu zaidi. Majani ya chai huchemshwa mara mbili kwake. Taa ya sebuleni huzimwa mtu akienda msalani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, kabati lake lilikuwa limejaa mifuko iliyooshwa na kukunjwa vizuri kama nguo za Jumapili, na ilimuuma kuitoa.

Lakini karo yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwake. Ya dada zangu wawili pia. Katika hesabu hiyo, kila nikitafuta aliyenyimwa, ninamkuta yeye mwenyewe.

Hapa nina lawama kwetu sisi walimu na waandishi wa vitabu vya marudio. Tumezoea kuwapa wanafunzi orodha za visawe wazikariri: bahili, mchoyo, mnyimivu, mwekevu, mkono wa birika. Mimi binafsi nimewahi kumpa mwanafunzi alama kwa kuandika kwamba kisawe cha "bahili" ni "mwekevu". Kamusi nazo hazitusaidii sana zinapomweleza bahili kwa kusema ni mchoyo, na mchoyo kwa kutupa unyimivu. Mtoto anayelelewa na orodha hizo hukua akiamini kwamba kutunza na kunyima ni kitu kimoja. Akimwona nyanya yake akihifadhi mkebe wa siagi, jina la kwanza linalomjia ni la tusi.

Mgogoro huu si wetu pekee, wala si wa leo. Neno bahili tumelipata kutoka kwa Kiarabu. Katika karne ya 9, mwandishi al-Jahiz wa Basra aliandika kitabu kizima kuhusu watu wa aina hiyo, Kitab al-Bukhala, yaani Kitabu cha Mabahili. Mwanzoni mwa kitabu hicho anastaajabia jinsi mabahili wanavyoupa ubahili wao majina mazuri: wanauita usimamizi bora wa mali, wanauita iktisadi. Neno hilo iktisadi nasi tunalo, kwa maana ya matumizi ya mali kwa uangalifu. Hivyo basi kosa linaweza kutendwa pande zote mbili. Sisi kikundini tulimpa mwekevu jina la bahili. Mabahili wa al-Jahiz walijipa jina la wawekevu.

Katika kisa kimoja humo, wasafiri wanachanga pesa za mafuta ya taa. Mmoja wao anakataa kutoa chake. Wenzake wanamfunga kitambaa machoni kila taa inapowashwa, wasije wakampa mwanga wa bure, na kumfungua wanapoizima ili walale. Tunacheka, lakini tazama kinachotuchekesha. Mwenye kubana mafuta akiwa peke yake chumbani hana kisa. Kisa kinaanza palipo na mtu wa pili gizani.

Hapo ndipo utetezi wangu wa mjomba ulipokwama. Katika mkahawa ule palikuwa na mtu wa pili. Yule msichana alituhudumia kwa saa tatu. Alituletea maji ya kunawa, akarudisha jikoni ugali uliopoa akaleta mwingine, akamshikia binamu yangu mtoto ili apigwe picha. Je, yeye hakunyimwa? Mtu anaweza kuwa mwekevu nyumbani na mnyimivu mkahawani siku hiyo hiyo, wala si haki kulitumia neno la kwanza kulifunika la pili.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia mjomba, nikamuuliza. Hakukasirika. Aliingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti uliojaa risiti, akaitafuta ile ya Nakuru hadi akaipata. "Mpwa wangu, soma hapa," aliniambia akionyesha mistari ya chini. Palikuwa na VAT ya asilimia 16, na tozo ya utalii ya asilimia 2. "Hii si ndiyo ya wale watoto? Na bado nikamwongezea."

Nilimweleza kwamba asilimia 16 ni ushuru wa serikali, na ile 2 huenda katika hazina ya utalii. Hakuna senti inayoingia mfukoni mwa mhudumu. Alivua miwani. "Basi nilimwacha mtoto wa watu hivyo hivyo?"

Kisha akaniambia jambo jingine. Mezani siku ile binamu mmoja alikuwa amemnong'onezea, "Mjomba, ongeza ya chai." Neno hilo ndilo lililoufunga mkono wake. "Nilikuwa karani wa stoo miaka 31," alisema. "Watu walikuwa wanakuja na ya chai. Sikuchukua hata siku moja. Sasa mnataka nianze kuitoa uzeeni?"

Nililiona kosa letu la pili. Kiswahili kina neno bakshishi, lenye asili ya Kiajemi, linalotaja zawadi anayopewa mtu kwa huduma aliyoitoa. Bakshishi huja baada ya kazi, na ungehudumiwa hata kama usingeitoa. Hongo hutangulia, na bila hiyo faili yako haitoki kabatini. Hapa Kenya tumeliacha bakshishi tukasema "ya chai" na "kitu kidogo", maneno ambayo ufisadi umeyatia doa hadi Eric Wainaina akayatungia wimbo wa Nchi ya Kitu Kidogo. Tumeharibu maneno, kisha tunamcheka mzee mwadilifu anapoyakwepa.

Lipo pia neno kiinua mgongo. Siku hizi tunalisikia zaidi kwa maana ya malipo ya mstaafu, lakini picha iliyomo ni ya mtu aliyeinama akitumika, akapewa kitu cha kumwezesha kusimama wima. Mjomba analijua neno hilo vizuri. Chake kilichelewa miaka minne baada ya kustaafu, na wengi wa tabia zake za kubana zilikomaa katika miaka hiyo. Nilipomwambia kwamba bakshishi ni kiinua mgongo cha siku moja, alitikisa kichwa kukubali. Akaniuliza kama yule msichana bado yuko pale. Nikasema nitaulizia.

Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe ulimwachia ngapi?"

Nilikuwa na Sh500 mfukoni siku ile. Risiti ninaijua, na tofauti ya chai na bakshishi ninaifundisha. Nilitoka bila kuacha chochote kwa sababu mzee alikuwa ameshalipa, na nusu saa baadaye nikawa natoa darasa la ubahili kwenye simu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe ni usiseme, kutokana na kitenzi cha kale amba. Mimi nilisema.

Jioni hiyo niliandika marekebisho kikundini. Niliandika kwamba nililifuta neno bahili. Kwamba mjomba ni mwekevu anayejinyima. Kwamba Sh20 zilikuwa kidogo, lakini yeye alidhani msichana ameshapata chake. Sisi wanane tuliobaki tulijua hajapata, na hakuna aliyetia mkono mfukoni. Kwa hivyo wanyimivu wa siku ile wanajulikana kwa majina, na jina la kwanza ni la mwalimu.

Aliyepiga picha ya sarafu hajajibu hadi leo. Binamu wa mahafali aliuliza tu, "Mnakumbuka yule dada anaitwa nani?" Hakuna aliyekumbuka.