Tafuta 254

Wiki iliyopita nilisikia watu wakiisifu programu-jalizi ya M-Pesa ya duka moja la korosho la mtandaoni hapa Kilifi, eti kazi safi: kitufe kinang'aa, faili zimepangwa. Nikaufungua msimbo. Klasi saidizi ya namba za simu imo kweli, imeandikwa kwa heshima zote, na hakuna anayeiita.

Mwanagenzi huangalia kama klasi ipo. Mimi naandika 254 kwenye kisanduku cha kutafutia, basi. Daraja, API ya Safaricom ya M-Pesa, haipokei 0722. Inataka 254 mbele, bila alama ya kujumlisha. Kwa hiyo lazima pawe na mahali pa kuikata ile sifuri. Mahali pamoja. Kwao 254 ilitokea mara saba: kwenye malipo, kwenye kurudisha pesa, kwenye ripoti, hata kwenye SMS. Nne kati ya hizo bado zinang'ang'ania namba ianze na 07, ilhali za 01 tunazo tangu 2019! Mteja wa 0110 analipa vizuri. Akitaka kurudishiwa pesa anaambiwa namba si sahihi. Mwenye duka analaumu mtandao.

Watu wa namna hii ndio waliokesha Aprili 2020 VAT iliposhuka kutoka asilimia 16 hadi 14, wakakesha tena iliporudi Januari 2021. Fundi aliyenifunza kazi Malindi alibadilisha tarakimu moja mahali pamoja, akashuka kunywa kahawa chungu.

Wako walaghai wengine, waliosikia kunakili ni aibu. Hawa hufungua klasi moja wakatupia humo tarehe, bei, barua pepe, kama sanduku la bibi. Magento ya kwanza, ile programu ya maduka ya mtandaoni, ilituharibu: kila moduli na Data.php yake ndani ya folda ya Helper, jina lisilosema lolote. Klasi saidizi iitwe kwa kile inachokishika, NambaYaSimu kwa mfano. Ipewe kitu, irudishe kitu, kikapu cha mteja isikiguse. Na isizidi mistari 150. Usiniulize kwa nini.

Enzi zile tukipandisha faili kwa FTP kutoka saiba ya Lamu Road, Malindi, dakika zikihesabiwa na mwenye saiba akichungulia, nani angethubutu kurekebisha kitu kimoja mahali saba?

Nimempelekea mwenye duka mistari yote saba. Kanijibu akiniuliza kama kitufe kingependeza zaidi kikiwa kijani.