Kati ya Sifuri na Pengo

Siku hizi ukitaka kujua mvua ilivyonyesha Dodoma Machi 1984, huna haja ya kuinuka kitini. Unabofya, faili linashuka, safu zimenyooka, hakuna tarehe iliyokosa namba. Vijana wanaoajiriwa na mabenki na kampuni za bima kuchunguza hatari za tabianchi huanzia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi inanisikitisha, maana nimewahi kukaa jirani na mtu aliyeijua kazi hii kwelikweli.

Alikuwa mtakwimu, mama wa makamo, sote ofisini tukimwita Mama. Kabla hajaandika mlinganyo wowote, alifungua picha za madaftari ya zamani: vituo vya misheni, mashamba ya mkonge, stesheni za reli, shule. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, kila siku, na anayesoma huandika kwa mkono milimita alizoziona. Mama alijua kuwa nyuma ya kila namba kuna mtu, na mtu ana mambo yake. Kwa hiyo jambo la kwanza alilotafuta lilikuwa Jumapili. Alizipanga siku za mvua kwa majina ya siku za juma, akazihesabu. Kama Jumapili zote za kituo zilikuwa kavu na Jumatatu zikajaa maji, alijua mpimaji alikuwa kanisani na mvua ya siku mbili imeandikwa kama ya siku moja. “Mvua haina Jumapili,” alikuwa akisema, huku anaandika alama pembeni.

Halafu akaja kwenye sifuri. Hapo ndipo nilipoiona heshima ya kazi yake. Palipoandikwa sifuri, mtu alitoka, akakitazama kipimo, akakikuta kikavu. Palipoachwa patupu, huenda hakuna aliyetoka: mpimaji aliugua, au alihamishwa, au chupa ilivunjika na hakuna aliyeleta nyingine. Kompyuta isipoelekezwa huweza kuvichukua vitu hivi viwili kuwa kimoja. Anayegeuza pengo kuwa sifuri ametengeneza ukame ambao haukutokea, na bima ikipangiwa bei kwa hesabu hiyo, mkulima atalipia ukame huo wa uongo kila msimu. Anayeliziba pengo kwa wastani, naye, anaweza kuwa ameufuta ukame wa kweli. Bei itashuka, kila mtu atafurahi, na mwaka mbaya ukija mfuko hautatosha. Mama alikuwa radhi kukaa na ukurasa mmoja mchana kutwa, akilinganisha na kituo cha jirani, mpaka ajue ni kipi. Asipojua, aliacha pengo libaki pengo na kuliwekea alama.

Kazi yenyewe ya kukadiria majanga kwa modeli si ya kale. Agosti 1992, tufani Andrew ilipopiga Florida, Karen Clark, aliyekuwa akiunda modeli za majanga, alikadiria kuwa hasara ya kampuni za bima ingeweza kupita dola bilioni 13. Wengi hawakumsadiki, kisha hesabu ikapita hapo na kampuni kadhaa zikafilisika. Huku kwetu, mwaka 2010 wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima inayotazama ukijani wa malisho kwa setilaiti badala ya kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 Mark Carney, gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, aliwaambia wakuu wa bima jijini London kwamba mabadiliko ya tabianchi yanatishia uthabiti wa fedha, na tangu hapo kila benki inataka ramani ya hatari.

Ramani zimepatikana, lakini kuuliza kumepungua. Setilaiti nyingi hukisia mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, na mvua ya mawingu mafupi yenye joto, kama ya milimani na pwani, huweza kuzipita pasipo kuonekana. Ndiyo maana makadirio yao hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini, na vipimo hivyo Afrika vimekuwa vikipungua. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, vituo vingi vilinyamaza kwa takriban miaka 15. Wataalamu walilijaza pengo hilo kwa kuunganisha setilaiti na vituo vichache vilivyosalia, kazi ya subira. Anayelipakua faili leo anaona mstari usiokatika.

Malawi walijifunza kwa uchungu. Msimu wa 2015/16 serikali ilikuwa imenunua bima ya ukame kwa African Risk Capacity, chombo cha Umoja wa Afrika. Mahindi yakakauka, nchi ikatangaza janga Aprili 2016, mamilioni ya watu wakahitaji chakula. Modeli ikasema hakuna fidia. Watu waliposhuka mashambani ndipo ikajulikana kuwa modeli ilihesabu mahindi ya muda mrefu, wakati wakulima wengi walikwisha kuhamia mbegu zinazokomaa kwa takriban siku 90, ambazo hudhurika kwa ukame wa wakati tofauti. Hesabu ikarekebishwa, na zaidi ya dola milioni 8 zikalipwa, zikafika mapema 2017, wakati njaa imekwisha kuingia majumbani.

Tufani na setilaiti hazikuhusika na kosa hilo. Lilikuwa swali ambalo mtu mmoja angeweza kumwuliza mkulima kivulini: mwaka huu mmepanda mbegu gani? Mama angeliuliza. Amekwisha kustaafu, na nafasi yake ilitangazwa juzi. Tangazo linataka lugha tatu za programu, uzoefu wa modeli za hatari na uwezo wa kufanya kazi kwa kasi. Madaftari halikuyataja, wala mkulima.