Nilikosea Wapi?

Mpwa wangu wa kike alikuwa na miaka 12 usiku ule tulipokaa mezani baada ya chakula, tukiwa na karatasi, penseli na dadu zenye nyuso 20. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Mmoja husimulia mahali na hatari zake, wengine hueleza wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Msimulizi nilikuwa mimi. Nilichokuwa nikisimulia ni Tomb of Horrors, kaburi la chini ya ardhi alilolibuni Gygax mwenyewe, likachezwa mashindanoni mwaka 1975 na kuchapishwa kama kijitabu mwaka 1978.

Mtoto alifika mwisho wa ujia wa kwanza. Ukutani palikuwa na uso wa shetani wa rangi ya kijani, kinywa wazi, na ndani yake giza tupu. Akasema mhusika wake anaingia kinywani. Nikasoma kilichoandikwa: aingiaye humo huangamia papo hapo, wala hakuna dadu ya kumwokoa. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, nilikosea wapi?" Nilibabaika, na tangu siku hiyo swali lile ndilo kipimo changu cha kazi za namna hii.

Wahakiki wa fasihi hutufundisha kutafuta dhamira. Katika jumba la chini ya ardhi, watu wengi hudhani dhamira ni mapambo: likiwa la barafu, kila kitu kipakwe weupe, likiwa la moto, kila chumba kiwe na makaa. Mimi naona dhamira ni nia ya aliyelijenga. Kila mlango, ngazi na mtego unapaswa kujibu swali moja: nani aliuweka hapa, na kwa sababu gani?

Kwa kipimo hicho kaburi la Gygax lina sifa kubwa. Mwenyewe ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa kama watu wanavyokufa, na kila kitu mle ndani kinatokana na chuki yake kwa wanaomsumbua. Hata milango ya kuingilia ni mitatu, na miwili kati yake ni ya uongo. Linganisha na White Plume Mountain ya Lawrence Schick, iliyotoka mwaka 1979. Mle kuna mto unaopita hewani, majukwaa yaning'iniayo kwa minyororo juu ya tope linalochemka, na sakafu isiyo na msuguano hata kidogo. Vyumba hivyo vinafurahisha kimoja kimoja, lakini ukivibadilishana nafasi hakuna kitakachoharibika. Ni kama duka la vinyago, kila kimoja kizuri na hakuna kinachomjua mwenzake.

Hata hivyo, kwenye duka lile watoto walicheka, na kaburini mmoja wao alinyamaza. Kwa nini?

Mtetezi wa Gygax atasema mtoto alionywa. Ni kweli kwamba sakafuni mwa ujia ule mna ujumbe wa mafumbo kutoka kwa Acererak, na mojawapo ya mafumbo hayo humtaka msafiri aepuke kijani. Lakini ujumbe huohuo husifu rangi ya usiku, na mbele yake, katika ukumbi wa michoro, duara jeusi ukutani ndilo njia ya kuendelea. Basi weusi wa hapa ni mauti na weusi wa pale ni mlango. Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu naye sharti aseme neno linaloshikika. Kaburi lina dhamira, ila dhamira hiyo imefungiwa kifuani mwa mjenzi. Gygax alilitunga ili kuwatahini wachezaji hodari waliojivunia wahusika wao wasioshindika, na kwa shabaha hiyo alifaulu. Mtoto wa miaka 12 hakuwa na majivuno ya kuvunjwa, na kosa la kumpeleka kule lilikuwa langu.

Mwezi uliofuata nikabuni jumba langu mwenyewe: birika kubwa la chini ya ardhi la tajiri aliyewanyima majirani zake maji. Kila chumba kilikuwa na mstari wa unyevu ukutani. Palipokuwa na mstari wa magotini, maji yalipanda hadi magotini. Palipokuwa na wa kifuani, yalifika kifuani. Sikueleza lolote zaidi. Chumba cha sita hakikuwa na mstari, kwa kuwa kuta zake zote zilikuwa mbichi hadi darini, na hayo nilimtajia kama nilivyomtajia mistari ya vyumba vingine. Mpwa wangu aliingia mbio kufuata sanduku, mlango ukajifunga nyuma yake, mhusika wake akazama.

Akaishika penseli, akaangalia ramani aliyokuwa ameichora, chumba baada ya chumba. Kisha akajipiga kipaji cha uso. "Aa, Mjomba! Kuta zilikuwa mbichi mpaka juu!"

Akavuta karatasi nyingine, akaanza kuandika jina la mhusika mpya.