Miwani Ibaki Usoni

Kamera ya renjifainda haimwonyeshi mtu kile ambacho lenzi inakiona. Humpa kidirisha chake pembeni, na humo kila kitu huonekana safi, cha karibu na cha mbali, hata kama lenzi imefokasi vibaya kabisa. Katikati pana kiraka chenye mwanga ambamo taswira mbili hupandana. Unazungusha pete ya lenzi mpaka ziwe moja, kisha unabonyeza. Ukiona ukungu humo, ukungu huo ni wa macho yako. Ndiyo maana nasema miwani ibaki usoni, ingawa vidirisha vingi havikutengenezwa kwa ajili yetu.

Shida yenyewe ni ya umbali tu. Anayechungulia kwenye tundu la ufunguo huona chumba kizima akibandika jicho, na akirudi nyuma kidogo kuta zinapotea. Miwani hulirudisha jicho nyuma vivyo hivyo, na kinachopotea ni mistari myeupe inayoonyesha mipaka ya picha. Leica M3, iliyotoka Ujerumani mwaka 1954, ilikuza kwa mara 0.91, karibu na ukubwa halisi wa vitu. Ukiacha macho yote mawili wazi, mistari ya lenzi ya milimita 50 huelea juu ya barabara kana kwamba kamera haipo. Raha hiyo haina mfano, lakini mwenye miwani huipata kwa kubanabana. M2 iliyofuata ilishuka hadi 0.72 ili milimita 35 ipate nafasi. Mwaka 2000 ikaja M6 TTL ya 0.58, na sisi wa miwani tukaona kona zote nne.

Lakini haikuwa bure. Usahihi wa kupima umbali hutegemea nafasi kati ya madirisha mawili ya kamera, takriban milimita 69, ikizidishwa kwa ukuzaji. M3 hubaki na milimita 62 hivi. Ile ya 0.58 hubaki na 40. Ukifunga lenzi ya milimita 90 na kufungua tundu lake lote, utalihisi pengo hilo kwenye kope za unayempiga picha. Kwa hiyo mimi nashika 0.72 na lenzi ya 50, wala sioni haya.

Wapo watakaokushauri uvue miwani na kufunga kioo kidogo cha namba yako kwenye kidirisha. Kinafanya kazi, ila si kwa macho yote: jicho ambalo kasoro yake hubadilika kwa mwelekeo halitatulizwa na kioo cha kawaida. Tena, ukishusha kamera, mtaa mzima unakuwa uji. Yule mama mwenye kapu aliyekuwa anavuka kuja upande wako utamwonaje? Renjifainda ni kamera ya kuona kinachokuja kabla hakijaingia kwenye picha.

Mengine ni ya mikono. Mwenye miwani ya namba mbili atazame kwa sehemu ya juu, ile ya mbali, kwa sababu taswira ya kidirisha haikai umbali wa kitabu. Kamera za zamani zina ukingo wa chuma mtupu unaokwaruza vioo. Bandika kipete cha mpira. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia joto la Dar es Salaam, subiri, maana vioo vyote vitafunga ukungu kwa pamoja.

Kuhusu kona usizoziona: hata mwenye macho mazima hazioni sawasawa. Mistari ile hutoshea kwa umbali mmoja tu, na kwa vitu vya mbali filamu hunasa zaidi ya inavyoonyesha. Yeye anakisia, nasi tunakisia. Mimi husogeza jicho kushoto, nikapima ukuta au nguzo, kisha kulia, halafu narudi katikati kumngoja mtu aingie.