Televisheni ya Mji na Lugha ya Mji

Kituo cha televisheni cha mji mdogo aghalabu hupimwa kwa mizani isiyo yake. Hulinganishwa na vituo vya Dar es Salaam kwa uzuri wa picha na wingi wa vipindi, na katika mashindano hayo hakina budi kushindwa. Mizani ya haki ni nyingine: je, mtu wa Ngamiani akikitazama huona jambo ambalo kituo kikubwa hakiwezi kumwonyesha?

Udogo haukuwa aibu kwa televisheni ya pwani hii. Unguja ilifungua kituo chake mwaka 1973, chenye picha za rangi, wakati Bara haikuwa na kituo hata kimoja; serikali ya Dar es Salaam iliiona televisheni kuwa anasa. Kituo hicho kilihudumia watu wachache wa visiwani, wala hakuna aliyedhani kuwa uchache wao ulikipunguzia heshima. Bara ilingoja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Vituo vya watu binafsi vikaanza mwaka uliofuata, navyo vikaanza Dar es Salaam. Tabia ya jiji hilo ikachukuliwa kuwa ndiyo tabia ya televisheni yenyewe. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Tanga nayo imepata kuwa na kituo chake, TaTV. Kituo cha namna hiyo kina mzigo wa fedha: mitambo ya analojia ilipozimwa Tanga mapema mwaka 2013, mlingoti wa mwenye kituo haukutosha tena. Picha zake zilipaswa kupita katika mitambo ya kampuni za kusafirisha matangazo, na mtazamaji akapaswa kuwa na king'amuzi. Mzigo huo ni wa kweli, walakini si wote.

Mzigo mzito zaidi ni wa lugha. Msomaji habari wa mkoani hupenda kuiga sauti ya mwenzake wa Dar es Salaam, hata akawaambia watu waliokaa Tanga kuwa jambo fulani limetokea “katika mtaa mmoja jijini Tanga”. Anasema na mgeni asiyekuwapo. Ngamiani barabara zina namba, na kila namba ina habari yake: Coastal Union ni ya Barabara ya 11, African Sports ni ya Barabara ya 12. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, taifa lilipata jina la bingwa tu. Namna barabara ya pili ilivyoipokea furaha ya jirani yake ni habari ya Ngamiani peke yake.

Hali kadhalika taarabu. Black Star na Lucky Star zilivuma kutoka Tanga, na Shakila binti Saidi, aliyefariki mwaka 2016, alitokana nazo. Vituo vya taifa humkumbuka kwa dakika chache za wimbo. Kituo cha nyumbani kingeweza kukaa uani na wazee waliozisikia bendi hizo, kikawaacha waseme kwa lafudhi yao bila kusahihishwa.

Yamkini mtazamaji mwenyewe ataomba mambo ya Dar es Salaam. Hayo anayo tayari: hubonyeza namba nyingine katika king'amuzi kile kile.